Dakika Arobaini na Sita za Ijumaa

Kitu unachokipenda kuliko vyote nyumbani mwako, ulikipataje? Usijibu haraka. Sikuulizi bei, wala sikuulizi duka. Nauliza kilikufikiaje mkononi, na siku ulipokipata ni nani aliyebaki mikono mitupu.

Nyangau, fundi wa Suna pale Migori, aliulizwa swali kama hilo karibu kila siku ya soko, maana watu hawakuweza kupita mbele ya kibanda chake bila kusimama. Hawakumshuku, walistaajabu tu. Mtu wa kuziba baiskeli, mtu wa kufufua mashine za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Masara, mtu ambaye viatu vyake vya kazi vilishonwa kwa waya, alitoa wapi pikipiki kama ile?

Pikipiki zilizojulikana Migori miaka hiyo zilikuwa za padri na za bwana shamba, ndogo, zenye kukohoa mlimani. Hii ilikuwa ya Kijerumani, nyekundu ya kuiva, iliyotengenezwa kwa mtu wa safari ndefu. Mbele ilikuwa na ngao pana ya kumkinga mwendeshaji na upepo, na juu ya ngao kioo. Mitungi miwili ya injini ilitokeza huku na huku kama viwiko vya mama aliyeshika kiuno. Nyuma ilining'iniza masanduku mawili ya nguo. Haikuwa ya kubebea mkungu wa ndizi. Ilikuwa ya mtu anayetaka kunywa chai Migori na kula chakula cha mchana Nakuru bila mgongo kumuuma. Watu wa sokoni waliiona ile ngao, wakaipa jina la Kijaluo, Omuga, yaani kifaru, na jina likashika.

Mwenyewe wa kwanza, ukimwondoa Mjerumani, alikuwa Chrispine, mpima barabara, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano. Alikuwa amefanya kazi miaka minne chini ya Mjerumani huyo, aliyekuwa mhandisi, na mhandisi huyo alipofungasha virago alimwachia pikipiki kwa bei ya kirafiki, akamwambia kwamba mashine hii haipendi mafuta machafu wala mwendeshaji mwoga. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Chrispine aliondoka Migori jioni, akapita Rongo, akateremka Homa Bay kwa shangazi yake Filister, muuza samaki. Omuga ililala hapo uani. Alfajiri yeye alipanda boti kwenda Mfangano kumwona mama yake.

Omuga haikuwahi kuvuka maji. Kisiwani hakukuwa na barabara, njia za miguu tu na mawe. Mama yake alikuwa akimuuliza kila mwezi, "Huyo mnyama wako anayekuleta kutoka Migori, mimi nitamwona lini?" Na Chrispine alijibu kila mwezi, "Barabara ikifika, Mama."

Kabla ya kila safari aliipitisha kwa Nyangau iangaliwe mafuta na breki. Nyangau alikuwa mtu wa kuaminiwa. Alikuwa Mkisii aliyeshuka kutoka milimani kutafuta riziki, mzee wa kanisa la Waadventista, mwalimu wa Shule ya Sabato. Ukiacha shilingi yako juu ya meza yake ungeikuta. Lakini Omuga ilimmezesha mate. Akimaliza kazi ya dakika kumi aliipangusa kwa dakika ishirini. Akisema anakwenda kuijaribu mpaka darajani, alirudi kwa njia ya mbali. Mke wake Bathsheba alimwambia mara moja, kwa mzaha, kwamba angetamani kupanguswa hivyo.

Sasa sikiliza habari ya Ijumaa moja ya Aprili, mwaka wa tisini na nne.

Mvua ilikuwa inanyunya. Wingu zito lilikuwa limepanda kutoka upande wa ziwa, likafunika mji kama sufuria. Nyangau alikuwa ameshusha ubao mmoja wa dirisha alipoona Chrispine anakuja akisukuma Omuga kwa miguu, amelowa mpaka shingoni.

"Fundi, usifunge," Chrispine alisema akihema. "Kebo ya klachi imekatika hapo chini darajani. Niunganishie haraka, omera, ndugu yangu. Mama amezidiwa. Wametuma mtu na boti la samaki, anasema nikikosa kufika kesho basi nisijisumbue."

Nyangau aliinama akaitazama kebo. Kazi aliijua. Aliwahi kuifanya mwaka uliotangulia kwenye pikipiki hiyo hiyo: unachukua waya mzuri kutoka kebo kuukuu, unayeyusha risasi kidogo, unautengenezea kichwa kipya. Nusu saa. Waya ulikuwepo, risasi ilikuwepo, jiko la makaa lilikuwa bado na moto.

Akainua macho ukutani. Kule alikuwa ametundika kalenda ya kanisa, ile inayoandika saa ya kutua jua kila Ijumaa, ili Waadventista wajue Sabato inaingia lini, jua lionekane lisionekane. Ijumaa ile iliandikwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Saa ya mezani ilionyesha saa kumi na mbili kamili.

Dakika arobaini na sita. Aliziona kama unavyoviona vidole vyako.

Kisha akaona jambo jingine. Aliiona Omuga imesimama ndani ya kibanda chake usiku huo na Sabato yote, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Hakutaka kuiba. Alitaka tu ilale kwake, mara moja. Watu wengi wabaya huanza kwa kutaka kitu kidogo namna hiyo.

"Jua limetua, ndugu yangu," alisema. "Sabato imeingia. Siwezi kushika spana."

"Limetua wapi? Si ni mvua hii."

"Kuku wamelala."

"Kwani siku hizi Sabato mnaulizia kuku?" Chrispine alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Nyangau, nusu saa. Wewe mwenyewe ulisema ni ya nusu saa. Hakuna gari la Homa Bay saa hii, unajua."

"Ingekuwa amri yangu ningeivunja kwa ajili yako. Si yangu. Iache hapa, iko salama. Na wewe pumzika. Leo ni Sabato."

Hebu tazama matofali ya uongo huo. Amri ni ya kweli, kalenda ni ya kweli, imani ya Nyangau nayo ilikuwa ya kweli. Siku iliyowekwa ili punda apumzike na mtumishi apumzike, yeye aliigeuza kuwa kofuli. Na hata kama jua lingekuwa limezama kabisa, Kitabu kile kile alichokifundisha kinasema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenye ng'ombe amtoe. Ng'ombe ana ruhusa. Mama wa mtu je?

Chrispine aliweka mkoba begani akaondoka kwa miguu kwenye mvua. Alipata lori la miwa mpaka Rongo, na Rongo hakukuwa na gari. Alikesha kwenye baraza ya duka. Alipofika Homa Bay siku ya pili, saa tatu asubuhi, boti lilikuwa limekwisha kwenda. Jumapili hakuna lililovuka. Jumatatu alipokaribia ufuo wa Mfangano alisikia kilio kabla hajaona nyumba.

Nyangau, jioni ile ya Ijumaa, alifunga mlango kwa ndani akaipanda Omuga, akashika mikono miwili ya usukani, akakaa. Hakuiwasha. Alikaa hivyo kama mtoto kwenye farasi wa mbao. Na akiwa amekaa, wingu lilinyanyuka kidogo kule magharibi, na jua likachungulia chini yake, jekundu, kubwa, halina haraka. Mwanga ukapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, ukadondoka juu ya tangi la pikipiki, nukta nukta. Akashuka upesi, akatoka, akafunga, akaenda nyumbani nyuma ya kibanda akitazama chini.

Wiki tatu zilipita. Chrispine alirudi amenyolewa kichwa kwa msiba, amekonda. Alisimama mlangoni wala hakuingia.

"Ile Omuga sitaki kuiona," alisema. "Nikiisikia ikinguruma nasikia ile safari. Yule fahali wako mweusi, bado unaye?"

"Ninaye."

"Nipe. Nataka kumchinjia Mama kwa ukumbusho. Wewe chukua hii."

Fahali mmoja kwa Omuga! Nyangau alipaswa kukataa. Alipaswa kusema neno moja tu, na mlango wa kulisema ulikuwa wazi mbele yake. Badala yake alisema, "Pole sana, ndugu," akaenda kumfungua fahali. Ndivyo alivyoipata.

Aliipenda, sitakuficha. Aliipanda mpaka Isebania, mpaka Kisii kwa wazee wake, na watoto wakaikimbilia kila kituo. Lakini kila Ijumaa mtu akichelewa kuchukua baiskeli yake, Nyangau aliitengeneza mpaka dakika ya mwisho kabisa, akiangalia kalenda, huku jasho likimtoka, kana kwamba anaweza kuzilipa zile dakika kidogo kidogo kwa watu wengine. Alihesabu vibaya. Dakika hazilipiki hivyo.

Kosa kubwa hasa lilikuja Agosti ya mwaka uliofuata, kwenye makambi, ule mkutano wa kila mwaka ambapo Waadventista hukaa wiki nzima wakisali na kuimba. Mhubiri mgeni aliiona Omuga imeegeshwa chini ya mti, akauliza ni ya nani. Akamwita Nyangau mbele atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyombariki fundi mdogo wa baiskeli. Watu elfu moja walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Nyangau alisimama, na ulimi wake ukafuata njia uliyokwisha kuizoea.

"Mtu alinijia Ijumaa, Sabato ikiwa imeingia, akanisihi nimtengenezee pikipiki," alisema. "Nilikataa. Nikasema amri ya Mungu kwanza. Na leo pikipiki ile ile, Mungu amenipa mimi."

Amina ilinguruma kama mvua juu ya mabati. Wanawake walipunga leso. Nyangau alirudi kuketi.

Siku waliporudi nyumbani Bathsheba alikuwa akitandika makabati ya jikoni kwa karatasi. Hakutupa kalenda za zamani, alizikata na kutandikia vyombo. Mume alikuwa mezani anakula.

"Baba Dorah," alisema bila kugeuka, "ule ushuhuda wako ulikuwa mzuri. Jirani yetu Priscah alilia mpaka akaomba leso yangu."

"Bwana asifiwe."

"Mimi nilikuwa nakumbuka tu ile siku. Nilikuwa nimekuwekea maji ya kuoga. Ulipofungua mlango jua likaingia na wewe, likanipiga machoni. Nikasema moyoni, leo huyu amewahi."

Nyangau aliacha kutafuna. Bathsheba alikuja akaweka kipande cha karatasi kando ya sahani yake. Aprili, tisini na nne. Alikuwa amekikata vizuri kwa mkasi.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nikuambie nini?" mke aliuliza. "Kwani wewe hukuwepo?"

Ijumaa iliyofuata, saa sita mchana, Nyangau aliiosha Omuga, akaijaza mafuta, akashika njia ya Homa Bay. Kipande kile cha karatasi kilikuwa mfukoni mwa shati. Chrispine alikuwa amehamishiwa Homa Bay, akikaa kwa shangazi yake. Njiani Nyangau alifanya mazoezi ya maneno. Aibu yake ni kwamba katika mazoezi hayo kulikuwa na sehemu moja aliyoirudia kuliko zote: sehemu ambayo Chrispine anakataa kuipokea pikipiki, naye anasema kwa unyenyekevu, "Basi kama hutaki, nitaendelea kukutunzia." Alijikuta akiisema kwa sauti pale kwenye kona za Rangwe. Akaongeza mwendo.

Alimkuta Filister uani kwake karibu na ziwa, mwanamke mnene mwenye kisu kifupi, anapara samaki. Chrispine alirudi kutoka kazini saa kumi na moja. Aliiona Omuga kabla hajamwona mtu, akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba.

"Fundi. Kuna nini?"

"Nimekuja kusema jambo. Naomba nilisimulie nikiwa nimesimama."

Akalisema. Alisema habari ya kalenda, na saa ya mezani, na makaa yaliyokuwa na moto, na jinsi alivyokaa juu ya pikipiki mlango ukiwa umefungwa. Alisema habari ya makambi. Akatoa kile kipande cha karatasi akakinyoosha, na kwa kuwa hakuna aliyekipokea, mkono wake ukabaki hewani.

Kisu cha Filister kilikuwa kimesimama.

"Dakika ngapi?" Chrispine aliuliza.

"Arobaini na sita."

"Na kazi ni ya nusu saa."

"Ni ya nusu saa."

"Lile boti," Filister alisema polepole, akimtazama samaki, "nililizuia mimi. Nilimshika nahodha shati. Nikamwambia mtoto wa ndugu yangu anakuja na pikipiki, hajawahi kuchelewa hata siku moja. Alingoja mpaka jua likatoka, mpaka abiria wakanitukana."

Chrispine alikaa kwenye jiwe la kufulia. Akatazama viatu vyake vyenye vumbi la barabara.

"Unajua mimi nimekuwa nikisema nini mwaka huu wote?" alisema. "Nimekuwa nikisema ni mimi. Ningetoka kazini saa tisa nipande gari, ningefika. Lakini nilitaka kwenda na Omuga. Nikajiambia ni kiburi changu kilichonichelewesha. Nimelala na hilo neno, Nyangau. Kila usiku. Na wewe ulikuwa nalo jibu mfukoni."

Nyangau alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Zile dakika alizozihesabu kuwa dhambi yake, mtu mwingine alikuwa amezibeba mwaka mzima na miezi minne kama zake.

"Nisamehe," alisema. "Nimeirudisha. Fahali sitaki, wala chochote sitaki."

"Ufunguo."

Nyangau alimpa. Chrispine aliufunga kwenye kiganja, akaingia ndani.

Jua lilikuwa linakwenda chini ziwani, na safari hii hakukuwa na wingu la kulificha. Nyangau alijua hawezi kurudi Migori jioni hiyo, akawa anatafuta kwa macho mahali pa kuegemea nje ya ua. Filister alimwekea kigoda na sahani.

"Kula."

"Mama, sistahili."

"Nani amekuuliza unastahili? Mgeni halali na njaa kwangu. Nimekuwekea ngege, samaki wa magamba. Kamongo, asiye na magamba, najua watu wa Sabato hamli." Akaondoka, kisha akarudi na chumvi. "Na harakisha nioshe hicho chombo, Sabato yako isiingie kabla hujamaliza."

Hakuna pilipili iliyowahi kumchoma Nyangau kama ile chumvi. Alikula kila kitu, maana kubakiza ingekuwa tusi jingine. Walimtandikia mkeka kwenye chumba cha nyavu. Kila alipogeuka alisikia nyumba nzima iko macho.

Asubuhi aliamshwa na sauti za watu. Alitoka akifunga vifungo vya shati, akafuata sauti hizo mpaka ufuoni. Wavuvi wanane walikuwa wameizunguka Omuga kwenye mchanga. Walikuwa wamepitisha miti miwili chini ya tumbo lake na kuifunga kwa kamba za nyavu, na kutoka mchangani mpaka ukingo wa boti walikuwa wamelaza mbao. Chrispine alishika usukani wa pikipiki.

"Bwana, huko unakoipeleka hakuna barabara," alisema mvuvi mmoja, Barnabas, akitemea viganja. "Itatembea juu ya mawe?"

"Haiendi kutembea," Chrispine alijibu. "Inaenda kuonekana."

"Na nani?"

"Na mtu aliyekuwa akiiulizia."

Barnabas alimtazama, kisha akatazama maji. Wakainama. Nyangau alivua viatu, akakunja suruali, akaenda mbio kidogo mpaka kwenye mti wa nyuma palipobaki nafasi ya mtu mmoja. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuugusa.

"Wewe pumzika, Fundi," Chrispine alisema. Hakuinua sauti, wala hakukuwa na hasira ndani yake. "Leo ni Sabato."

Nyangau aliuachia ule mti, akarudi nyuma hatua mbili.

Wakainyanyua wakiwa wanane. Kwenye mbao mmoja aliteleza akapiga goti, na Omuga ikalala upande, kioo chake kikielekea maji. Wakaguna, wakaishika, wakaiweka sawa. Ilipoingia botini, boti lilizama kiasi cha kiganja, na akina mama wenye magunia wakaambiwa wahamie upande wa pili. Waliifunga pale pale katikati wanapofungwa fahali wakivushwa. Filister alipanda akaketi kando yake, akatandika leso juu ya kiti cha pikipiki kisichafuke.

Injini ya boti ikawaka. Chrispine alisimama ameshika mikono miwili ya Omuga, miguu kaitanua, uso kaelekeza Mfangano, na boti likawabeba wote wakapita mawe ya ufuoni na kuingia maji ya kina. Nyangau alisimama na viatu vyake mkononi, akawatazama mpaka ile nyekundu ikawa ndogo kama nukta ya mwanga kwenye tundu la msumari.